Kodi ya Mzee Mwinyijuma

Ukitaka kumuudhi Mwanahija binti Mwinyijuma, mwambie kuti ni kuti tu. Atashusha miwani, atakuvutia kigoda, na hutaondoka hapo mpaka ujue kwamba kuti la kumba ni la uzio na la kujistiri chooni, lile husukwa na yeyote mwenye vidole, ila kuti la viungo ndilo la paa, na hilo lina wenyewe. Jani hukunjwa juu ya ufito na kushonwa kwa ukindu, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka ukiliinua juani usione hata tundu la sindano. Paa la makuti yake huvumilia masika baada ya masika. Akisikia limevuja humlaumu mwezekaji kwanza, na mara nyingi huwa amepatia.

Kazi hiyo alifundishwa na mama yake, Bi Mgeni, tangu akiwa msichana wa kutumwa dukani. Alipofiwa na mume hakuwa na kingine cha kushika, akaanza kusuka peke yake uani. Miaka ikaenda. Hoteli zikaota ufukweni, watu wa Dar wakanunua viwanja mpaka Mapinga, na kila aliyenunua kiwanja alitaka banda la kupumzikia, na banda ni makuti. Leo uwanja wake pale Kaole una wanawake zaidi ya kumi, wengine wajane kama yeye, wengine wana waume ambao ni afadhali ujane. Lori huja kupakia karibu kila wiki. Kibao cha jina hana wala hakihitaji, maana ukiulizia Bi Mwanahija wa makuti, hata mtoto wa chekechea atakupeleka.

Asubuhi aliyofika Vicky, uwanja ulikuwa umejaa. Vicky ni afisa wa mapato, binti wa watu mwenye sauti ya taratibu, na alikuja kwa bodaboda, bila gari la serikali wala askari. Alimwamkia kila mwanamke shikamoo kwa zamu yake, akapewa dafu, akalinywa lote kabla ya kusema kilichomleta. Kwa adabu hiyo Mwanahija alikuwa keshampenda.

"Hongera sana, mama," Vicky alisema. "Kazi imekua. Umeshajiandikisha kulipa kodi ya mapato?"

Vidole vya wasukaji vilisimama. Kaole nzima inajua kwamba neno hilo halitajwi mbele ya watoto wa Mwinyijuma.

"Kodi ilishafutwa, mwanangu."

"Iliyofutwa ni ile ya kichwa, mama. Hii ni nyingine, na ipo kisheria. Mwenye biashara ndogo kabisa halipi kitu. Hii yako imeshavuka hapo."

Akamweleza yote bila haraka: namba ya mlipakodi, makadirio, jinsi ya kulipa kwa awamu mwaka mzima. Akasema anampa mpaka mwisho wa mwezi afike ofisini. Akikaa kimya, uwanja utafungwa, na yeye Vicky asingependa kuwa ndiye wa kuja kuufunga. Kisha akaaga wote, akapanda bodaboda yake na kwenda zake. Mwanahija alibaki ameshika ufito mkononi asikumbuke alikuwa anataka kuufanyia nini.

Hapo lazima turudi nyuma, maana mtu asiyemjua Mzee Mwinyijuma atadhani Mwanahija ni mbishi tu wa kulipa, na wabishi wa kulipa tunao wengi.

Miaka ya themanini ikielekea ukingoni, wanaume wa Kaole walidaiwa kodi ya maendeleo, ambayo wazee waliendelea kuiita kodi ya kichwa kama walivyoizoea tangu wakati wa Mwingereza. Ulilipa kwa kuwa una kichwa. Uwe umevuna, uwe hukuvuna, kichwa unacho, toa. Mwinyijuma alikuwa na minazi iliyozeeka na mihogo iliyoliwa na nguruwe, na mwaka ule hakuwa na kitu cha kutoa. Mgambo walipoanza kupita alfajiri nyumba kwa nyumba, yeye na wenzake wakakimbilia mikokoni. Mwanahija, wakati huo msichana wa shule ya msingi, ndiye aliyetumwa kumpelekea chakula. Alimkuta baba yake amekaa juu ya mizizi, tope mpaka magotini, uso umeumuka kwa mbu. Baba alipokea ule muhogo wa kuchemsha bila kumtazama mwanawe usoni. "Nenda," alisema, "na usirudi kwa njia uliyojia."

Mwishowe walimkamata. Walimfunga kamba ya mkononi pamoja na wenzake, wakawapitisha njia kuu mchana kweupe. Kamba yenyewe angeisahau. Lakini mama mkwe wake alikuwa anatoka kisimani, akakutana nao uso kwa uso, na kwetu pwani mkwe ni mtu wa kustahiwa, asiyeonwa na mama mkwe akiwa amedhalilika. Bibi yule alitua ndoo, akageukia ukuta wa nyumba ya watu, akasimama hivyo mpaka msafara ulipopita, ili asije akasema aliona. Mwinyijuma aliuona mgongo wake. Aliporudi nyumbani baada ya siku chache hakukaa tena barazani na wenzake, mpaka anaingia kaburini.

Kitu kimoja tu kilibaki cha kumpa heshima. Tangu mwaka ule mgambo hawakugonga tena mlango wake. Waligonga kwa jirani wa kulia na wa kushoto, kwake wakapita. Watu wakaanza kusema wanamwogopa. Wengine wakaongeza kwamba kule walikomfungia alimkazia macho mkubwa wao na kumwambia maneno ambayo hayasemeki, na maneno hayo yalizidi kuwa makali kila yaliposimuliwa. Mzee mwenyewe hakukubali wala hakukataa. Bilali, mwanawe wa kwanza, alikua na habari hiyo, akaoa nayo, na sasa ana mvi na bado anaisimulia kwenye harusi za watu.

Alipokuwa anakata roho, Mwinyijuma aliwaita watoto wake na kuwaambia: "Humu ndani asilipe mtu kodi. Huo ndio wasia wangu." Kwetu pwani wasia wa mzazi haujadiliwi. Anayeuvunja amechezea radhi ya mzazi wake, na likimpata baya lolote baadaye, hata malaria, watu hutikisa vichwa na kujua limetoka wapi. Haukupita muda mrefu tangu azikwe, kodi ile ikafutwa nchi nzima. Watoto wakaona Mungu mwenyewe ameutia muhuri wasia wa baba yao, na wakaishi na amani hiyo mpaka Vicky alipokuja na adabu zake na kunywa dafu.

Mwanahija alikwenda kwa kaka yake siku ileile. Bilali ni dalali wa viwanja Mapinga. Sitasema kwamba dalali ni mwongo; dalali huchagua tu ukweli upi utangulie na upi usubiri mpaka umeshalipa. Alimkaribisha dada yake kivulini, akamsikiliza, kisha akatoa simu na kumchezea sauti iliyokuwa inazunguka kwenye makundi. Mtu mwenye Kiswahili kizito cha kisomi alikuwa anasema hakuna raia anayelazimika kulipa kodi ya mapato, kwamba ni hiari yako kama sadaka, na kwamba ukimbana afisa yeyote akuonyeshe sheria, atababaika.

"Umesikia?" Bilali alisema. "Msomi huyo. Zaka tunatoa, na zaka ameiamuru Mungu. Hao wameamriwa na nani?"

"Huyu msomi anaitwa nani, kaka?"

"Jina lake la nini? Sikiliza anachosema."

Mwanahija aliona kwamba kaka yake naye, mwenye kamisheni ya viwanja kutoka barabarani mpaka baharini, hajawahi kuulizwa na mtu yeyote kama amejiandikisha. Bilali akaweka simu mfukoni na sauti yake ikabadilika.

"Mwanahija, mimi na wewe hatubishani sheria. Baba alisema. Ukilipa, khitma ya mwaka huu usilete mchele wako."

Alijua pa kumpiga. Kila mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani, watoto wa Mwinyijuma hukutana nyumba ya zamani Kaole, wakasoma khitma ya baba yao, na kila mtoto huleta mchele wake, ukachanganywa chungu kimoja. Hakuna anayepima nani ameleta mwingi. Kukataliwa mchele wako siku hiyo ni kuambiwa marehemu hakukuzaa. Mwanahija alirudi Kaole akiwa na homa ambayo haikuwa ya mwili.

Jirani yake ni Mwalimu Marselina, mstaafu, aliyefundisha uraia mpaka akawafundisha watoto wa wanafunzi wake. Mwanahija alimfuata uani kwake akamkuta anachambua mchicha.

"Mwalimu, nina swali la darasani. Raia analazimika kulipa kodi ya mapato, au halazimiki?"

"Analazimika," Marselina alijibu, akaendelea na mchicha.

"Kuna mtu kwenye simu anasema hakuna sheria."

Marselina alifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na Katiba iliyochakaa. Alimsomea pale panaposema kwamba haitatozwa kodi ya aina yoyote isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Mwanahija alipiga paja. "Si ndiyo! Haitatozwa!"

"Isipokuwa," alisema Marselina. "Huyo mtu wako amesoma nusu ya sentensi akafunga kitabu. Sheria yenyewe ipo, inaitwa Sheria ya Kodi ya Mapato, na ilipita Bungeni. Ile ya baba yako ilikuwa ya kichwa. Ulilipa kwa kuwa upo. Hii ni ya pato. Usipopata, hulipi. Ukipata, unalipa, na si hiari."

Mwanahija aliutazama ule ukurasa. "Kwa hiyo baba alifungwa kamba kwa kosa la kuwa hai."

"Ndiyo," alisema Marselina. "Na wengi waliona hivyo, mpaka ikafutwa."

"Na wasia wake?"

Mwalimu alishika tena mchicha wake. "Hapo, Mwanahija, mimi siingii. Nilifundisha uraia tu."

Kwa hiyo alikuwa ameshajua. Wengine hudhani ukishaijua sheria shida imekwisha, lakini kwa Mwanahija shida ndiyo kwanza ilianza. Zamani angeweza kusema hakujua. Sasa kila usiku alilala na mambo mawili: sheria inasema lipa, baba anasema usilipe. Baba hayupo wa kumwomba aibadilishe kauli yake, na radhi haina ofisi ya rufaa. Alimfikiria baba yake pale alipolala, akamwona amegeuka upande.

Alichagua baba. Bilali alikuja na mpango, na Mwanahija akaufuata huku moyo hautaki. Uwanja wa mbele ukafagiliwa kama wa mtu aliyehama. Kazi ikahamishiwa nyuma kabisa, kwenye vichaka vinavyopakana na mikoko, na wateja wakaambiwa waonane na Bilali kule Mapinga. Wanawake walielezwa kwamba wakiona gari la serikali watawanyike. Hakuna aliyeuliza sababu. Walikuwa wanamheshimu Bi Mwanahija, na walimhitaji, na mambo hayo mawili yakiwa pamoja mtu haulizi.

Gari likaja. Jeupe, refu, la namba za serikali, likakata kona kuingia njia ya Kaole likipunguza mwendo kama linalotafuta mtu. Mina, msukaji mwenye macho makali kuliko wote, akapiga ukelele: "Mapato hao!" Wanawake walikimbia, kanga wameziuma kwa meno, fito zikiwapiga miguuni, wakatumbukia mikokoni mpaka viunoni. Mwanahija naye alikimbia. Mwanamke wa makamo, mwenye wajukuu, mwenye uwanja wake na jasho lake, alisimama nyuma ya mkoko ameshika pumzi. Ndipo kipaza sauti cha gari kikakoroma na kuanza kunena: "Wazazi na walezi, leteni watoto wenu chini ya miaka mitano wapate matone ya chanjo..."

Walicheka. Wangefanyaje? Walicheka mpaka machozi, wakishikana, wakiitana majina ya dhihaka. Mina aliapa kwamba akipata nguvu atakwenda kunywa matone mwenyewe. Ilichukua muda kabla ya mtu kuuliza Mosi yuko wapi.

Mosi ndiye mzee kuliko wote pale, mwanamke mkimya ambaye makuti yake hayarudishwi hata moja. Walimkuta ameanguka kifudifudi kwenye tope, kisiki cha mkoko kilichokatwa kimempasua muundi mpaka mfupa ukaonekana. Hakuwa amepiga kelele, kwa kuwa waliambiwa wasipige kelele. Mwanahija alimbeba na wenzake mpaka pakavu, akamwosha tope kwa mikono yake, akaufunga mguu kwa kanga yake mwenyewe wakati Mina amekwenda kutafuta bajaji ya kumpeleka hospitali. Wakati wote huo Mosi hakumtazama usoni. Aliangalia chini, kando, juu ya bega lake, popote.

"Unisamehe, Bi Mwanahija," alisema mwishowe. "Nimeyaangusha makuti yako majini."

Uso ule unaokwepa Mwanahija alikuwa ameshauona, mahali hapahapa, juu ya mizizi hiihii, na wakati ule aliyekuwa anakwepa ni baba yake. Miaka yote alikuwa amewachukia waliomfanya baba yake akose uso. Sasa alikuwa amemfanyia hivyo mtu mwingine, yeye, kwa mkono wake, kwa sababu ya kamisheni za kaka yake na sauti ya mtu asiye na jina. Alilia mbele ya wanawake wake bila kujificha. Aliona aibu, akaisema kwa mdomo: "Mosi, wewe ndiye wa kunisamehe mimi. Hatukimbii tena. Mwenye kukimbia akakimbie peke yake."

Kesho yake aliamka, akaoga, akavaa buibui la kuendea harusini, akaenda ofisini. Wengine wangetaka nisimulie kwamba moyo wake ulikuwa mwepesi, lakini haukuwa. Ulikuwa mzito kama wa mtu anayekwenda kuzika. Alikaa kwenye benchi akisubiri zamu yake, na kila jina lilipoitwa alisema kimoyomoyo: baba, nisamehe. Vicky alimpokea, akamwandikisha, akamkadiria, akamwelekeza pa kulipa awamu ya kwanza. Mwanahija alilipa. Mbingu hazikupasuka. Mlinzi wa getini alimwambia karibu tena mama, naye akajibu ahsante.

Alimpigia Bilali kabla habari haijamfikia kwa mdomo mwingine. "Kaka, nimelipa. Nimekwambia mimi mwenyewe, usije ukasema nimekuficha." Simu ilikatwa bila jibu. Makuti yalirudishwa uwanja wa mbele, Mosi akakaa kwenye kiti chenye mgongo huku mguu umenyooshwa, akashona ukindu kama kawaida yake, na mara hii alipoulizwa jambo aliinua macho.

Shaabani ilipoingia Mwanahija alinunua mchele mzuri kuliko miaka yote. Akauchambua mwenyewe, chembe kwa chembe, akijua uwezekano wa kurudi nao. Siku ya khitma alifika nyumba ya zamani mapema. Bilali alikuwa mlangoni, kanzu imepigwa pasi, kofia ya kazi ya mkono kichwani. Alikuwa kaka yake, aliyemfundisha kupanda mnazi na kumpigania shuleni, na uso wake ulikuwa umefungwa.

"Mchele huu hauingii."

"Kaka, mimi ni mtoto wa Mwinyijuma."

"Mtoto wa Mwinyijuma hafanyi ulichofanya. Anayelipa kodi hana sehemu katika khitma hii. Usinilazimishe kuyasema mbele za watu."

Watu walikuwa wameshaanza kufika. Mwanahija hakutaka baba yake asomewe katikati ya ugomvi. Alitua ule mfuko wa mchele barazani, akaketi pembeni yake, mgongo ukutani. Jamaa waliingia mmoja mmoja wakimsalimu kwa sauti ya chini kama anavyosalimiwa mgonjwa. Ndani wakaanza kusoma. Yeye alisoma nao kutoka nje, midomo ikicheza. Alijua sasa maana ya kutengwa: chakula cha watu wengine kinanukia, jina la baba yako linatajwa kwa dua, na wewe unahesabiwa pamoja na viatu vya barazani.

Dua ilipokwisha Bilali akasimama kuwashukuru watu, na kama kila mwaka, akasimulia. Baba yetu hakuwapigia goti. Baba yetu walimwogopa. Mgambo walipita mlango huu wakiinamisha vichwa. Wanaume waliitikia kwa kuguna.

Bi Mgeni, mama yao, alikuwa chumba cha ndani pamoja na wanawake. Macho yake yameshaingia ukungu, masikio bado. "Mwanahija simsikii," alisema. "Yuko wapi?" Wanawake walitazamana. Mmoja akamnong'oneza. Bi Mgeni aliomba mkongojo wake, akainuka, na badala ya kupitia uani akapita sebuleni, katikati ya wanaume waliokuwa mkekani, jambo ambalo hakulifanya katika maisha yake yote. Walimpisha wakidhani amechanganyikiwa. Alipapasa fremu ya mlango, akatoka barazani, akajishusha polepole mpaka akaketi karibu na binti yake, mfuko wa mchele katikati yao.

Bilali alimfuata, na watu nyuma yake.

"Mama, rudi ndani. Chakula kinapakuliwa."

"Sirudi."

"Mama, watu wanatutazama."

"Umesema aliyelipa kodi hana sehemu humo," alisema Bi Mgeni. "Nami nililipa. Nitoe na mimi."

Bilali alicheka kidogo, kama mtu anavyomchekea mzee. "Wewe ulilipa kodi gani, mama?"

"Ya baba yako. Kila mwaka, tangu walipomrudisha na alama za kamba mkononi, mpaka nilipomzika. Nilisuka makuti, nikauza, nikampelekea mtendaji wa kijiji kwa mlango wa nyuma. Nikamwomba amwandike Mwinyijuma kuwa amelipa, kisha anyamaze, na Mungu amrehemu, alinyamaza. Ndiyo maana hawakugonga hapa. Walimwogopa! Nani angemwogopa mume wangu? Alikuwa mtu mpole asiyeweza hata kumchinja kuku bila kugeuza uso."

Mwanahija alitaka kumshika mama yake mdomo, maana aliona uso wa kaka yake unavyoporomoka, na hakuiona ile furaha ambayo mtu hudhani ataiona siku haki yake ikisimama. Aliona uchungu tu, wa wote watatu, na wa yule aliyeko kaburini.

"Baba alijua?" Bilali aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Tulilala kitanda kimoja. Alinisikia nikiamka kusuka, na pesa ya makuti hakuiona nyumbani. Hakuniuliza hata siku moja inakwenda wapi. Nami sikumwambia. Walishamvua nguo mara moja mbele ya watu, nisingemvua mara ya pili mimi mkewe."

"Na wasia, mama? Ulikuwepo. Ulisikia alivyosema."

"Nilikuwepo, nimemshika miguu. Nilinyamaza kwa kuwa mtu alikuwa anakufa. Leo hapa hafi mtu, ila wewe unataka kunizikia mwanangu angali hai."

Bilali akavua kofia yake, akaketi chini sakafuni mbele ya mama yake na dada yake, kanzu yake nyeupe kwenye vumbi, wageni wote wakimtazama, na sinia za pilau zikipoa ndani. Hakuuliza habari za sheria wala za wasia.

"Yalikuwa makuti mangapi, mama?"

"Sikuhesabu, mwanangu. Nilisuka mpaka yakatosha."